Mama Hagawanywi Kama Ndakala

Niliusahau uso wa mama yangu. Naliandika hili mwanzoni kabisa, kabla sijapata nafasi ya kulipamba, kwa sababu kwa miaka mingi nimelikana mbele ya kila mtu: mbele ya baba hadi alipofariki, mbele ya mdogo wangu, mbele ya mume, na mbele ya watu wachache wenye subira wanaosoma insha zangu. Mama alifariki nikiwa sijaanza hata shule, muda mfupi baada ya kumzaa mdogo wangu. Ningeweza kusema kwamba mtoto wa umri ule akisahau hana kosa. Sikusema. Badala yake niliandika insha nzima juu ya uso ule.

Nilimpa mama macho marefu. Nilimpa vishimo mashavuni. Nilimpa, Mungu anisamehe, "shingo ndefu kama ya korongo anayevuka maji ya kina kifupi". Nilimwita nadhifu, mpole, mwanamke ambaye nguo yake haikupata mkunjo hata akitoka shambani. Redio moja ya hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, iliisoma insha hiyo hewani na nasikia kuna waliolia. Mdogo wangu, anayeuza samaki kule Kazimia, aliirekodi kwenye simu na huisikiliza akiwa anapanga mizigo yake. Mtu mmoja tu alinipigia kulalamika. Ni mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye siku hizi anaishi Misisi kwa mwanawe anayefanya biashara kwenye machimbo. Hakunisalimia.

"We mutoto," alisema, "ile shingo ulitoa wapi?"

Nilimwambia rezo, yaani mtandao wa simu, ni mbaya, nikakata simu. Tangu siku hiyo salamu zangu kwake zilipitia kwa watu wengine.

Sikuwa na picha ya kunisaidia. Ilikuwapo moja nyumbani, ndogo, ya kitambulisho, lakini baba aliifungia ndani ya sanduku baada ya mazishi, na hakuwa mtu wa kuulizwa juu ya sanduku lake. Vita vilipokuja tulivuka ziwa tukaenda upande wa Tanzania, sanduku likabaki. Tuliporudi tulikuta kuta. Hapa kwetu hii si hadithi ya mtu mmoja. Waulize Baraka wote picha zao za zamani ziko wapi, kila mmoja atakuonyesha mahali nyumba ilipokuwa.

Isipokuwa familia moja. Palikuwa na mwalimu hapa mjini, marehemu sasa, aliyekuwa na kamera na tabia mbaya ya kuitumia bila kumwambia mtu asimame vizuri. Wapiga picha wengine walikupa kiti, saa ya mkononi ya kuazima na maua ya plastiki. Yeye alikupiga ukiwa unatoa jasho. Nakumbuka watu wakimlalamikia: "Mwalimu, umenipiga na nguo ya shamba!" Alipiga vinyozi wa ufukweni, wanawake wakitoa mihogo kwenye maji, wanaume wakishona nyavu, timu ya mpira ambayo kila wachezaji wawili waligawana jozi moja ya viatu, huyu wa kulia, yule wa kushoto. Siku ya kukimbia, wakati wengine wakitia sufuria kwenye mitumbwi, mke wake alitia kopo la bati lililojaa filamu. Walimcheka njia nzima. Sufuria zile zote zimeshatoboka. Filamu zipo.

Binti yake ndiye aliyezirudisha. Alizipeleka Uvira zikasafishwa kwenye karatasi kubwa, kisha akaomba ukumbi wa parokia ili mji ujitazame. Wakatoliki walitoa kuta, Waprotestanti walitoa viti, na mimi niliombwa kuandika maelezo ya chini ya kila picha, kwa sababu nina shahada ya chuo kikuu ya fasihi, kitu ambacho hapa nyumbani kimenifaa zaidi kuwaandikia majirani barua za kuomba radhi kwa wakwe zao.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Watu wangepita siku chache kabla ya ufunguzi, wakimtambua mtu wangetuambia, nami ningeandika. Kazi ilikwenda vizuri kwa kelele nyingi. Mzee mmoja alijikuta anasuka wavu akiwa na meno yote, akabaki mbele ya picha kama mtu anayemngoja kijana yule amrudishie. Mama mmoja mkimbizi wa Burundi, anayelima mashamba ya kukodi upande wa Mutambala, alikuja na jembe begani akazunguka ukumbi wote polepole. Nilimwuliza kama kuna anayemjua. "Mi sina mutu humu," alisema. "Banangu hawana hata picha moja. Naangalia benu." Nilimletea kiti.

Picha moja tu ilikataliwa na kila mtu.

Ni ufukweni. Nyuma kuna maji na mlima wa Ubwari. Mbele kuna mwanamke ambaye bado hajafika makamo, kichwa kimegeuka kidogo, anacheka na mtu asiyeonekana. Amebeba ungo wa ndakala kiunoni na anampa mgeni sahani ya bati iliyojaa hao samaki wadogo; mgeni anaonekana mkono tu, mkono wa mzee. Kikwembe chake, yaani kitenge alichojifunga, kina picha za kuku wakubwa, na kuku wote wamesimama kichwa chini, miguu hewani. Na sahani ile anaitoa kwa mkono wa kushoto.

Msomaji wa mbali atauliza kuna nini. Kuna kila kitu. Sisi tuliolelewa hapa, ukinyoosha kushoto kupokea hata kipande cha muhogo, mwiko ulikutana na vidole vyako kabla ya muhogo. Kumpa mzee chakula kwa kushoto ni kumwambia ale aondoke. Basi watu walisogea, wakaona mkono, wakarudi nyuma. "Hapana wetu," walisema. "Wetu hakukosa adabu." Mwanamke yule alikuwa na sura nzuri na kicheko kizuri, na mji mzima haukuwa na mama wa namna ile.

Mdogo wangu alifika na boti ya asubuhi kutoka Kazimia, bado ananuka shehena yake. Alipita picha zote haraka kama mtu anayetafuta bei, kisha akasimama kwenye ile.

"Yaya," aliniita, kwani ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "kuja uone huyu."

Nilikwenda.

"Ni ye?"

Nilitazama. Nilingoja kitu kitokee kifuani kama kinavyotokea vitabuni. Hakikutokea. Nilichosikia ni njaa, kwa kuwa sikuwa nimekula tangu asubuhi. Mwanamke alikuwa mgeni kwangu kama mke wa balozi. Lakini mdogo wangu alikuwa ananitazama mimi, si picha, nami nina kazi moja tu katika ukoo wetu: mimi ndiye niliyemwona mama.

"Hapana," nilisema.

"Unajua namna gani?"

"Angalia mukono. Na angalia kikwembe, bakuku bako kichwa chini. Mama alikuwa nadhifu."

Nadhifu! Nilikuwa nainukuu insha yangu mwenyewe kama shahidi, na shahidi alijibu bila kutetemeka.

Mdogo wangu hakubishana. Aliendelea kusimama, mkoba wake wa kuhifadhia simu umening'inia shingoni, akamtazama mwanamke yule tena, kuanzia nywele hadi miguu. "Mi sikumuona hata siku moja," alisema mwishoni. "We ulimuona. Kama unasema si ye, basi si ye." Akaenda sokoni.

Nimeshambuliwa na wahakiki, nimeshambuliwa na mume, hakuna sentensi iliyowahi kunipiga kama ile. Mwanamke aliyezaliwa na mama asiyemjua alikuwa amenikabidhi macho yake, nami nimeyafumba kwa ajili ya kulinda shingo ya korongo. Nilikula chakula changu bila ladha na nikaapa. Inawezekana si yeye. Lakini kama si yeye, nitasema hivyo kwa sababu najua, si kwa sababu naona aibu.

Nilianza na mahali. Nilijiambia nikijua pale palipopigwa picha, labda nitajua ni nani alikuwa anaanika samaki pale. Asubuhi nilichukua ile karatasi kubwa nikaenda nayo ufukweni. Ziwa limepanda miaka hii, limemeza nyumba za mstari wa kwanza, kwa hiyo ili niupate mlima kama unavyoonekana pichani ilinibidi niingie majini, sketi imekunjwa mpaka magotini, picha nimeinyanyua mbele kama padri anayeinua Injili. Wavuvi waliokuwa wanatoa nyavu walipata burudani.

"Mama profesa! Unavua na karatasi?"

"Akipata samaki atamuuliza ana diplome gani!"

Niliwapungia mkono. Nikatazama picha, nikatazama Ubwari, nikatazama picha tena. Kuna kitu kilikuwa kinanikera kama jiwe ndani ya mchele. Ukisimama Baraka ukiwa umelielekea ziwa, Ubwari inatoka upande wako wa kulia, inakuja, inakuja, inashuka, halafu upande wa kushoto inaishia majini na ziwa linafunguka. Mtoto wa hapa anajua hivyo kabla ya kujua jina lake. Ndani ya picha, mlima ulikuwa unaishia kulia.

Kwanza nilijishuku mwenyewe, kwa kuwa elimu yangu imenizoesha. Niligeuka, nikalipa ziwa mgongo, nikajipindua kutazama juu ya bega. Wavuvi wakapiga makofi. Ubwari ilibaki palepale. Mlima haukuwa umehama, kwa hiyo picha ndiyo iliyogeuka.

Nilitoka majini nikiwa nakimbia, jambo ambalo mwili wangu haujalizoea. Binti wa mwalimu alitoa kopo lake la bati, tukainua ukanda wa filamu kwenye mwanga wa dirisha. Filamu ina tumbo na mgongo. Kule Uvira waliulaza ukanda ule kifudifudi, picha zote za ukanda huo zikatoka kinyume kama ndani ya kioo. Hata kinyozi mmoja tuliyemsifu kwa kunyoa na kushoto alikuwa anatumia kulia kama watu wote. Na mwanamke wetu, tulipomwona kwa upande wake wa kweli, alikuwa anampa mzee sahani kwa mkono wa kulia, kwa heshima zote.

Picha zikasafishwa upya. Ile ya ufukweni niliitundika mwenyewe, nikijisikia kama wakili aliyemtoa mtu gerezani.

Sikujua nimefungua nini. Kabla ya siku kuisha, mwanamke ambaye hakuwa wa mtu alikuwa wa kila mtu. Mke wa mchungaji mmoja alikuja na mwavuli wake, akamtazama, akaweka mkono kifuani.

"Huyu ni mama mukwe wangu. Sura yake kabisa."

"Lakini mama," binti wa mwalimu alimwambia, "wiki ilipita ulisema haiko wenu."

"Wiki ilipita alikuwa anatoa na kushoto."

Baada yake alikuja mwenye boti mbili za mizigo, akasema ni shangazi yake. Walianza kubishana juu ya pua. Mimi nilisimama pembeni na chupa yangu ya gundi, na nikaona jambo lisilopendeza: madai yao yalikuwa na uzito sawasawa na yangu, yaani hayakuwa na uzito. Kila mmoja alikuwa na haja na mama mwenye adabu.

Kamati ya ukumbi, watu wa amani, ilipendekeza suluhu. Kila familia ichukue nakala yake, na chini ya picha niandike "Mama yetu sote". Nilikiri moyoni kwamba ni sentensi nzuri, ya aina ninayoandika mimi, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mdogo wangu alikuwa amerudi na boti ile ya Kazimia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Mama hagawanywi kama ndakala," alisema. "Kama ni wa huyu mama, amubebe. Kama ni wa patron wa boti, amubebe. Mi sitaki picha. Picha ziko nyingi. Mi nataka mama."

Nilimshika mkono nikamtoa nje, tukaketi kwenye ngazi za ukumbi, mahali ambapo watu huvua viatu kutoa mchanga. Nilikuwa nimeandaa utangulizi. Ulinikimbia.

"Mi sikumbuki uso wake," nilisema. "Sikumbuki kitu. Ile insha niliitunga."

"Na shingo?"

"Na shingo."

Boti moja ilikuwa inawasha mashine kule chini, inazimika, inawashwa tena. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari kumsaidia maneno.

"Basi tuko babili," alisema. Akatoa simu kwenye mkoba wa shingoni, akanipa. "Piga Misisi."

Tulirudi ndani kwa sababu mke wa mchungaji na mwenye boti walidai kusikia kwa masikio yao. Hakuna aliyeniamini, na hawakukosea. Simu iliwekwa juu ya meza, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Iliita kwa muda mrefu. Kwa mbali ilisikika pikipiki, halafu mama mdogo.

"Ni nani?"

"Ni mi, mama mudogo. Mukubwa wa marehemu yaya yako."

"Ah. Kumbe rezo imepona."

"Imepona, mama mudogo."

"Ilikuwa na ugonjwa mukubwa."

Mdogo wangu aliziba mdomo. Nilieleza: picha ya zamani, ufukwe, mwanamke mwenye ndakala, familia tatu. Mama mdogo macho yake yameingia ukungu na simu yake ni ya kitufe, hatungeweza kumtumia kitu. Nilianza kumwelezea uso wa mwanamke yule, na bila shaka nilishafika kwenye kivumishi cha kwanza aliponikata.

"Nyamaza. Usiniambie kitu. We ukisema utaweka na bitu byako. Mi ndiye nitauliza, we unajibu tu."

"Ndiyo."

"Amevaa nini?"

"Kikwembe ya bakuku."

Mke wa mchungaji alitikisa kichwa kwa nguvu: hata mama mkwe wake, alinong'ona, alikuwa na ile ya kuku.

"Bakuku, kila mutu alikuwa nabo," mama mdogo alisema, kana kwamba amemsikia. "Ile mwaka soko nzima ilikuwa kuku. Nauliza ingine. Hao bakuku banasimama namna gani?"

Nilitazama picha. Nilitazama vile ambavyo nilikuwa nimevitaja kuwa ushahidi dhidi yake. Tulipoigeuza filamu, mkono ulihama, mlima ulihama, lakini kuku walibaki walivyokuwa.

"Banasimama kichwa chini," nilisema. "Miguu juu."

"Bote?"

"Bote."

Simu ilinyamaza hata nikadhani safari hii rezo imekufa kweli. Halafu tukasikia sauti ambayo nilifikiri ni kikohozi. Alikuwa anacheka, na kicheko kilipanda kikamkaba, akalazimika kuanza upya.

"Nilimusema kila siku! Yaya, umefunga kikwembe kichwa chini, bantu banacheka. Ye ananiambia: kikwembe nilinunua mi. Bakuku baniangalie mi, hapana bo."

Ukumbini hakuna aliyeelewa mara moja. Mdogo wangu ndiye aliyeelewa. Aliiteremsha picha ukutani, akaiweka kiunoni mwake kama mtu anayejaribu nguo, akainamisha kichwa. Kwa yule anayevaa, akitazama chini, kuku wote wamesimama wima. Alibaki ameinama hivyo.

Mke wa mchungaji aliokota mwavuli wake. "Mama mukwe wangu alifunga bizuri," alisema taratibu, na hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Mwenye boti alivua kofia.

"Bo bako pale?" simu iliuliza. "Mudogo wako iko?"

"Niko, mama mudogo," mdogo wangu alisema bila kuinua kichwa. "Namuona."

"Muangalie muzuri. Na we, wa mavitabu!"

"Niko."

"Shingo iko namna gani?"

Nilisogea karibu na mdogo wangu. Nilimtazama mama, polepole, bila kumwongezea kitu.

"Fupi, mama mudogo," nilisema. "Karibu haiko."

"Basi," alisema mama mdogo, "andika bile."